Ncha ya Kaskazini iliwahi kuwa na joto. Wanasayansi wamejuaje?

Leo Bahari ya Aktiki imejaa barafu. Lakini miaka milioni 55 hivi iliyopita, maji yake ya juu yalifika nyuzi joto 23 za Selsiasi.

Ushahidi uko chini ya sakafu ya bahari, ambako matope hujipanga tabaka juu ya tabaka. La chini ndilo la zamani zaidi.

Mwaka 2004, meli tatu zilifika kwenye mgongo wa Lomonosov, milima iliyozama kilomita 250 hivi kutoka Nchani. Vidar Viking ilichoronga. Oden ya Sweden na Sovetskiy Soyuz ya Urusi zilivunja barafu inayotembea isije ikaisukuma meli ya uchorongaji na kuharibu kila kitu.

Walishuka zaidi ya mita 400 ndani ya tabaka hizo. Humo wakakuta azola, mmea mdogo unaoelea kwenye maji yasiyo na chumvi, wa miaka milioni 49 iliyopita.

Kwa nini ikuhusu? Joto lile la miaka milioni 55 liliendana na ongezeko kubwa la hewa ya ukaa, na hewa hiyo inaongezeka tena sasa. Safari hii, chanzo ni binadamu.