Yai Changa si Yai Viza

Majuzi nilikuwa Suam, mpakani mwa Kenya na Uganda, nikizungumza na walimu wa Kiswahili kuhusu istilahi za sayansi. Mazungumzo yalipokwisha, mwalimu mmoja wa kike alinivuta kando. "Mwalimu," aliniambia kwa sauti ya chini, "daktari alisema mayai yangu yana kasoro. Ukweni wanasema ni mayai viza. Nipe neno la kuwajibu."

Mimi si tabibu. Kazi yangu ni maneno. Na hapa neno ndilo lililojeruhi. Yai viza ni lile lililoatamiwa likaoza bila kuanguliwa. Halina tumaini tena. Kumwambia mwanamke neno hilo ni kumkatia hukumu ambayo sayansi haikuitoa.

Yai la mwanamke lina upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Mimba inapotungishwa maabarani, mtaalamu hulichunguza kwa hadubini. Yai komavu la kawaida ni la mviringo, limezungukwa na utando mnene ulio angavu, na chini ya utando huo pana chembe ndogo iliyojitenga. Chembe hiyo ni ishara kwamba yai limekwisha kupunguza kromosomu zake kutoka 46 hadi 23, nalo linangoja 23 za baba.

Yai changa halina chembe hiyo. Pengine kiini chake bado huonekana. Mengine huwa na punje nyeusi au viputo vya majimaji. Yapo pia makubwa kupindukia, yenye kromosomu za ziada, ambayo wataalamu huyaweka kando. Hata hivyo, sura si hatima. Yai lenye kasoro ndogo ya umbo laweza kurutubishwa na kuleta mtoto mwenye afya. Nalo la kupendeza laweza kuficha hitilafu ya kromosomu, hasa mama anapopita umri wa miaka 35. Isitoshe, mayai yaliyotolewa mara moja si ushahidi kamili juu ya yale yatakayofuata.

Tiba hii si ngeni kwetu. Ng'ambo ya Mto Suam, nchini Uganda, mtoto wa kwanza aliyetungwa maabarani alizaliwa mwaka wa 2004; hapa Kenya, mwaka wa 2006. Aidha, wataalamu wanatufahamisha kuwa upande wa mume huchangia katika takriban nusu ya ndoa zinazokosa mtoto. Lakini mimi sijapata kusikia ukoo umeitwa kikao kujadili mbegu za mwanamume!

Nilimjibu mwalimu yule hivi: "Waambie daktari alisema kasoro, hakusema viza. Kasoro ni jambo la kuchunguzwa. Viza ni kitu cha kutupwa." Aliliandika jibu hilo daftarini, akanishukuru.

Walimu wenzangu, somo la uzazi linapofika, aghalabu tunalipita mbio kwa kuona haya. Tusifanye hivyo. Tuwafundishe wanafunzi kutofautisha yai komavu, yai changa na yai lenye kasoro, kila moja kwa jina lake. Msichana aliyeketi darasani leo ndiye wifi wa kesho na mama mkwe wa kesho kutwa.