Mwanga Hafifu Unaoisaka Ebola

Mwezi wa Septemba 1976 chupa ya chai iliwasili Antwerp, Ubelgiji, ikitoka Kinshasa kwa ndege ya abiria. Ndani yake hamkuwa na chai. Mlikuwa na barafu iliyokwisha kuyeyuka na vichupa viwili vya damu, kimoja kikiwa kimevunjika njiani. Damu hiyo ilikuwa ya mtawa wa Kibelgiji aliyeugua Yambuku, kaskazini mwa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule. Wataalamu walioifungua chupa hiyo walivaa glovu za mpira tu, kwani hawakujua walichokuwa wakikishika. Huko Yambuku na vijiji vya jirani watu 318 waliugua na 280 wakafa, na maradhi yakapewa jina la mto Ebola.

Miaka 24 baadaye, mwezi wa Oktoba 2000, maradhi hayo yalizuka Gulu, kaskazini mwa Uganda. Ilibidi damu ipelekwe Afrika Kusini ndipo jibu lipatikane. Waliougua walikuwa 425, na waliofariki 224, akiwemo Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, ambaye ndiye aliyepiga mbiu ya hatari. Kila siku inayopita kati ya kutoa damu na kupata jibu ni siku ambayo mke humwosha mumewe anayetapika, na askari hupanda gari moja na mwenzake mwenye homa.

Kuifupisha siku hiyo ndiyo kazi iliyowashughulisha Holger Schmidt wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, na Aaron Hawkins wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, huko Marekani. Mwaka 2015 wao na wenzao walieleza jinsi walivyoitambua Ebola kwa kipande kidogo cha silikoni kilichochongwa mfereji mwembamba kuliko unywele.

Siri yake ni rangi. Zipo rangi ambazo, zikipigwa na mwanga, huumeza na kutoa mwanga wa rangi nyingine. Tabia hii huitwa fluoresensi. Shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga hung'aa kibuluu chini ya taa ya zambarau kwa sababu iyo hiyo. Kwanza chembe ndogo za sumaku, zilizopakwa vinasaba vinavyolingana na vile vya Ebola, hunasa vinasaba vya virusi kutoka katika maji ya kipimo. Takataka nyingine huoshwa. Kilichonaswa hutiwa rangi, huachiliwa, kisha hupitishwa mferejini mbele ya mwali wa leza. Kila kinasaba kinapopita hutoa mmweko, na mashine huuhesabu.

Kwa maneno ni rahisi, lakini si kwa vitendo. Mmweko huo ni hafifu mno, na leza yenyewe ni kali. Ni sawa na kumtafuta kimulimuli mbele ya taa za lori. Kwa hiyo huwekwa kichujio kinachozuia mwanga wa leza na kuruhusu ule wa rangi peke yake. Taabu nyingine ni kwamba mwanga hautulii ndani ya maji yaliyozungukwa na kioo, bali hutorokea kwenye kioo. Mafundi waliuzungushia mfereji matabaka membamba sana yanayourudisha mwanga ndani, mfano wa vioo vya kujitazamia.

Kipimo hicho hakihitaji kuvizidisha vinasaba mara nyingi kabla ya kuvitambua, kama kifanyavyo kile cha PCR. Hata hivyo, Uganda ilipokumbwa tena kuanzia Mubende, Septemba 2022, kipimo cha PCR ndicho kilichotegemewa. Nacho kina udhaifu wake: katika siku tatu za kwanza za homa virusi huweza kuwa vichache mno katika damu visionekane. Ndiyo maana mshukiwa aliyepimwa mapema akaonekana hana Ebola haruhusiwi kurudi nyumbani siku hiyo. Hubaki wodini, mbali na wanawe, mpaka apimwe tena.