Viegemeo vya Kamera ya Mkono katika Kurekodi Wasemaji

Mtafiti wa lugha arudipo kutoka safari ya kukusanya masimulizi, jambo la kwanza kukaguliwa huwa ni sauti. Picha huhesabiwa kuwa nyongeza tu. Desturi hiyo ilifaa zama za kinasa sauti peke yake. Siku hizi msemaji hurekodiwa kwa kamera ya video, na sehemu kubwa ya maana yake imo katika mkono, jicho na kidevu. Msimulizi asemapo kwamba mtu alisimama pale, wala si hapo, sikio halitoshi kuupima umbali aliokusudia. Mkono wake ndio unaopima. Asemapo kitu kilianguka chubwi, mara nyingi kiganja hushuka pamoja na neno lenyewe. Picha ikitikisika, mwendo wa mkono wa msemaji huchanganyika na ule wa mkono wa mpiga picha, na mchambuzi hawezi kuutenga mmoja na mwingine kwa yakini. Na mzee aliyekwisha kusimulia mara moja hasimulii tena vile vile.

Mkono wa binadamu hautulii. Hata wa mtu mwenye afya njema hutetemeka kidogo, kiasi cha mara 8 hadi 12 kwa sekunde, na kamera nyepesi haina uzito wa kuupinga mtetemo huo. Ndiyo sababu kamera kubwa za zamani, zilizokaa begani, aghalabu zilitoa picha tulivu kuliko hizi zinazoingia mfukoni. Kadhalika, kadiri lenzi inavyovuta kitu cha mbali, ndivyo inavyokuza mtikisiko. Basi dawa ya kwanza haigharimu hata senti: mpiga picha asogee karibu, asiivute lenzi, abane viwiko mbavuni, na aegemee ukuta au nguzo ya baraza.

Kwa msemaji aliyeketi, hakuna kiegemeo kinachoishinda stendi ya miguu mitatu. Ubora wake umo katika uchache wa miguu hiyo. Ncha tatu daima hulala katika bapa moja, hata ardhi ikiwa na mabonde. Mguu wa nne ungening'inia, kama meza ya mkahawa inayotiwa kipande cha karatasi chini. Wapishi walilijua jambo hili kabla ya mafundi wa kamera: mafiga ni matatu, nayo hukaa imara juu ya udongo usiosawazishwa. Anayenunua na akitazame kichwa cha stendi kabla ya miguu yake. Kichwa chenye tufe, kilichokusudiwa picha zisizokwenda, hukaza vizuri lakini hakigeuki kwa ulaini. Kile cha video kina mafuta mazito ndani yanayoupinga mkono kidogo, hata kamera ikamfuata msemaji bila kushtuka. Stendi nyepesi mno hutikiswa na upepo. Huweza kutulizwa kwa kutundika mfuko wa mchanga katikati yake, na kwa kutoiinua nguzo ya kati pasipo haja. Juu ya sakafu ya mbao kila hatua ya mpita njia huifikia kamera, na hapo stendi haina kosa.

Lakini ngoma, soko na karakana ya jahazi havimngojei mtu akunjue miguu mitatu. Stendi ya mguu mmoja hubeba uzito na kuzuia kamera kupanda na kushuka, ingawa haizuii kuyumba upande. Asiye nayo afunge kamba kwenye skrubu ya robo inchi, ile iingiayo tundu la chini ya kamera, aukanyage mwisho wa pili, kisha aivute kamba juu mpaka ikaze.

Kwa mpiga picha anayetembea, Mmarekani Garrett Brown alibuni katika miaka ya 1970 chombo kiitwacho Steadicam, kilichoonekana katika filamu ya Bound for Glory ya mwaka 1976. Uzito umetawanywa mbali na kiungo kinachoishika kamera, ili isigeuke upesi, na mkono wenye springi humeza hatua za mbebaji. Gimbali ya leo hutumia mota tatu zinazoongozwa na vipima mwendo. Hiyo huzuia kamera kuinama na kugeuka, lakini haizuii kupanda na kushuka kwa hatua. Mtumiaji hana budi kukunja magoti. Mota hizo nazo huhitaji betri, na mlio wake huweza kuingia katika kipaza sauti kilicho karibu.

Utulizaji uliomo ndani ya kamera yenyewe ni msaada, si badala ya kiegemeo. Ule wa kielektroniki hukata kingo za picha, na penye giza hauwezi kuuondoa ukungu ulioachwa na mtikisiko. Ule wa lenzi, kwa baadhi ya kamera, yafaa uzimwe juu ya stendi, kwani huenda ukaisogeza picha iliyokwisha kutulia.

Anayerekodi lugha ya alama hana uhuru wa kuchagua sana. Katika Lugha ya Alama ya Tanzania, kama katika lugha nyingine za alama, umbo la kiganja, mahali pake na mwendo wake hupambanua neno na neno. Hapo kukata kingo kwaweza kukata alama nzima. Miguu mitatu isimamishwe, kamera ifungwe isigeuke, na picha ichukue toka juu ya kichwa hadi chini ya kiuno, viwiko vyote viwili vikiwa ndani hata vinaponyooshwa.