Je, Wajua? Nyeupe na Bluu Iliyokolea, Uvira

Je, wajua kwamba Uvira jua huchomoza upande wa ziwa, kule Burundi, na kuzama nyuma ya milima ya Mitumba? Mji huingia kivulini huku Bujumbura ng'ambo bado inawaka. Kwa hiyo saloni yenye dirisha la ziwani huoga mwanga asubuhi, na chumba cha mlimani hufifia mapema. Rangi moja, vyumba viwili, sura mbili.

Je, wajua kwamba ukuta mweupe safi hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoupiga, na bluu iliyokolea mara nyingi haifiki 10? Umeme ukikatika, taa moja ya sola kwenye chumba cheupe inamtosha mwanafunzi. Kwenye cha bluu atagombania kiti cha chini ya taa.

Je, wajua kwamba giza likianza kuingia, jicho huona bluu vizuri kuliko nyekundu? Mcheki Jan Purkyně aliligundua hilo karne ya 19. Ila ukiwasha balbu ya njano, bluu ile ile inapooza.

Je, wajua kwamba rangi nyeupe ya mafuta hugeuka njano mahali pasipofika mwanga? Sogeza kabati uone.

Chokaa, ambayo watu huidharau, ina ubishi wake. Ikikauka huvuta kaboni dayoksaidi hewani na kurudi kuwa jiwe. Ukali wake huufukuza ukungu. Na ukuta unaendelea kupumua. Rangi ya mafuta huufunga unyevu ndani, kisha huvimba na kubanduka. Wenye nyumba za ufukweni, ambako ziwa lilipanda mwaka 2021 na tena 2024, wasishike brashi kabla ukuta haujakauka hadi ndani.

Je, wajua kwamba bluu kidogo ya kufulia ndani ya chokaa huifanya ionekane nyeupe zaidi? Huuzima unjano.

Uamuzi wangu: saloni ya ziwani, bluu ukuta mmoja tu. Chumba cha mlimani, nyeupe, bila mjadala. Ukiwa na watoto, weka ukanda uliokolea chini, kama shuleni.

Lakini kwanza paka ubao rangi mara mbili, uache ukauke, uuhamishe ukuta hadi ukuta, asubuhi na saa kumi na moja jioni. Ndoo ununue baadaye.