Vumbi la Metali ni Baruti



Tarehe 24 Machi 2021 magaidi waliuvamia mji wa Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado. Mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies ikasimamisha mradi wake wa gesi katika rasi ya Afungi, na ilikuwa Novemba 2025 ndipo ilipotangaza kukiondoa kizuizi hicho. Ujenzi mkubwa wa namna hiyo hauji peke yake. Huja na karakana ambamo metali hukatwa, huchomelewa na kusuguliwa usiku na mchana. Majeshi nayo yana karakana zake. Katika karakana hizo yupo adui ambaye hakaguliwi langoni, kwa sababu huzaliwa humo humo ndani. Adui huyo ni vumbi la metali.

Wapo watakaouliza: je, chuma nacho huwaka? Askari aliyewahi kurusha fataki ya kuangazia usiku analo jibu, maana mwanga ule mweupe ni wa unga wa magnesiamu uwakao. Nondo ikitiwa motoni huwa nyekundu tu, kwa kuwa hewa huigusa kwa nje. Lakini metali ikisagika ikawa unga, kila chembe huzungukwa na hewa, hushika moto kwa nukta moja na kuiambukiza jirani yake. Alumini, magnesiamu na titani ndizo kali zaidi, ingawa hata unga wa chuma umekwisha kuua.

Ili vumbi lilipuke, yapasa mambo matano yakutane: vumbi lenyewe, hewa, cheche, vumbi kutimuliwa likaelea, na mahali palipozibwa. Mara nyingi mlipuko wa kwanza huwa mdogo. Kishindo chake ndicho kinachoangusha vumbi lililolala juu ya boriti, mabomba na taa, na hapo ndipo hutokea mlipuko wa pili, ambao ndio muuaji. Tabaka lisilofikia unene wa milimita moja, likiwa limetandaa chumba kizima, latosha kuleta maafa.

Ushahidi upo. Tarehe 2 Agosti 2014, katika mji wa Kunshan, China, kililipuka kiwanda kilichokuwa kikisugua rimu za alumini za magari. Watu 75 walikufa siku hiyo, na kadiri majeruhi walivyozidi kufariki, hesabu ilifikia 146. Uchunguzi ulionyesha kwamba vumbi liliachwa likarundikana, na kwamba unga uliokuwa ndani ya pipa la mtambo wa kunyonya vumbi uliingiwa na unyevu, ukapata joto wenyewe hadi ukawaka. Huko Gallatin, Marekani, kiwanda cha unga wa chuma kilipatwa na ajali tatu katika mwaka mmoja wa 2011, nazo ziliua wafanyakazi watano. Ajali ya kwanza ilikuwa onyo, lakini vumbi halikuondolewa.

Ndugu wasikilizaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kinga yenyewe si ya gharama kubwa. Vumbi liondolewe kila siku, hata lile la juu ya boriti, kwa brashi laini na taratibu. Lisipulizwe kwa hewa ya kompresa, maana kufanya hivyo ni kulitimua lielee. Alumini isisuguliwe kwa mashine iliyotoka kusugua chuma, kwa sababu kutu na unga wa alumini vikichanganyika na kupata cheche huwaka kwa joto la kuyeyusha chuma. Unga uliokusanywa utiwe katika vyombo vya chuma vikavu vyenye vifuniko, viwekwe nje. Mitambo iunganishwe na ardhi kwa waya. Kuchomelea na kuvuta sigara kuwe mbali.

Na moto ukitokea? Hapa ndipo ushujaa usio na maarifa unapoua. Askari hukimbilia ndoo ya maji, lakini maji yakiiangukia alumini au magnesiamu iwakayo hutoa gesi ya haidrojeni, nayo hulipuka. Mtungi wa kawaida wa kuzimia moto hutimua vumbi kwa nguvu yake, na gesi ya kaboni dioksidi haiwezi kuizima magnesiamu. Dawa ni mchanga mkavu, umwagwe polepole kwa koleo refu kuanzia pembeni, au unga maalumu wa kuzimia moto wa metali. Kwa askari wa pwani kama Palma, yafaa kukumbuka kwamba mchanga uliochotwa ufukweni ukiwa na unyevu ni sawa na maji. Mchanga uanikwe na kutunzwa chini ya kifuniko kabla ya siku ya hatari. Moto ukishakuwa mkubwa, watu waondolewe, eneo lizingirwe, na zimamoto waambiwe mapema ni metali gani inayowaka.

Kila kamanda ambaye kikosi chake kina karakana, au kinailinda, na aulize leo maswali mawili: vumbi liko wapi, na mchanga mkavu uko wapi? Asiyepata majibu asingoje moto umjibu.