Deni la laki sita, nauli ya laki sita na arobaini

Mfanyabiashara wa kamba wa Mbuchi, kwenye delta ya Rufiji, anadai 600,000. Mdaiwa kakaa kimya. Sheria inampa mlango: Mahakama ya Mwanzo husikiliza deni la mkataba hadi shilingi milioni 30, kwa Kiswahili. Deni lake ni asilimia 2 tu ya kiwango hicho.

Tuchukulie shauri linasikilizwa Kibiti. Kwa makadirio, mtu mmoja anatumia 40,000 kwenda na kurudi: boti au bodaboda, chakula, na pengine kulala, maana delta haiendi kwa saa ya ukutani bali kwa maji kujaa na kupwa. Akiwa na shahidi mmoja, kila siku ya mahakama inamgharimu 80,000. Siku nne ni 320,000, zaidi ya nusu ya deni. Shauri likiahirishwa likafika siku ya nane, zimekwenda 640,000, na bado hajalipwa hata senti. Akishinda anaweza kudai gharama zake, lakini bodaboda gani hutoa risiti? Kisha kuna kukaza hukumu, yaani kumlazimisha mdaiwa alipe, ambako ni safari nyingine.

Ndiyo maana kujua mlango wa kugonga ni nusu ya akiba.

Mgogoro wa shamba la mpunga hauanzii Mahakama ya Mwanzo, hata kama shamba ni ekari moja. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, wanawake wakiwa 3; kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, linapatanisha tu, haliamui. Siku 30 zikipita bila mwafaka, mlalamikaji anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lenye uwezo wa kusikiliza mgogoro wa mali isiyohamishika ya hadi milioni 300. Ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12. Hapo watu wa delta wafungue macho: anayehama shamba kwa sababu chumvi imepanda, na mwingine akalilima bila idhini yake huku yeye akinyamaza, anaweza kurudi akakuta saa ya sheria imekwisha kuhesabu. Na kama shamba limo ndani ya hifadhi ya mikoko, suala si jirani tena, ni serikali.

Ndoa ina kituo chake cha kwanza. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka, isipokuwa kwa sababu maalumu, wanandoa wapitie baraza la usuluhishi kabla ya kudai talaka. Waislamu wengi hupitia BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu. Ukifika mahakamani bila hati ya baraza, nauli imepotea.

Mirathi ya Kiislamu na ya kimila ni ya Mahakama ya Mwanzo, na hapa familia nyingi hudhani kazi imekwisha msimamizi akishateuliwa. Bado: anatakiwa ndani ya miezi 4 awasilishe orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5, kisha hesabu za mgawanyo kwa Fomu Na. 6. Asipofanya hivyo jalada linabaki wazi, na warithi wanaweza kumrudisha mahakamani hata miaka baadaye.

Asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Siku hizo zinahesabiwa boti ikiwepo au isiwepo, kwa hiyo nakala ya hukumu iombwe siku ileile, kabla ya kuondoka Kibiti.