Tupande Kabla Bei Haijapanda

Msafiri atokaye Mkoani kwenda Wete hupanda kilima na kushuka bonde, mikarafuu imemzunguka pande zote. Tulipovizuru vilima hivyo vya Pemba wakati wa uchumaji, harufu ya karafuu zilizoanikwa majamvini ilitulaki kabla ya wenyeji.

Tufani ya mwaka 1872 iling'oa mikarafuu mingi ya Unguja, ya Pemba ikanusurika. Tangu hapo Pemba ndiyo nguzo ya karafuu za Zanzibar. Lakini mkarafuu nao huzeeka. Tuliona miti iliyokauka isiyo na hata mche mmoja pembeni, na wachumaji wamepanda matawi dhaifu wayawahi maua kabla hayajachanua.

Mche huchukua miaka sita hadi minane kuanza kuzaa. Angojaye bei ipande ndipo naye apande, amekwisha chelewa. Wakulima na watayarishe mashimo kabla ya masika. Na mabwana shamba wahakikishe miche inafika vilimani mvua ingalipo. Leo tunachuma tusichokipanda. Je, wajukuu wetu watachuma nini?